Hilo Si Swali Lako

Wapendwa, kaeni. Aliyekaa pembeni mwa benchi asogee ndani kidogo ili mwenzake apate nafasi. Baadaye mtaona kwa nini nimeanza na hilo. Na kina baba mlioliacha sufuria la pilau mikononi mwa shemeji, acheni kutazama saa. Shemeji anaonja, ndiyo, lakini hatalimaliza.

Leo ni kipaimara cha watoto wetu, na wazee wa kanisa wamenipa dakika kumi na tano. Wananifahamu, kwa hiyo wameficha saa ya ukutani. Nitawapa mfano mmoja tu.

Usharika mmoja, msiniulize upi, ulikuwa juu milimani, kule ambako Jumapili asubuhi ukungu huingia kanisani kabla ya waumini, tena huenda moja kwa moja benchi la mbele bila kubembelezwa, tofauti na ninyi. Usharika huo ulikuwa na mchungaji wa vijana. Mtu mchangamfu, mwenye mwili wake. Vijana walipocheza mpira walimweka golini, si kwa sababu anajua kudaka, ila alikuwa anajaza goli. Alijua nani amefeli mtihani, nani ameachwa na mchumba, nani ameanza kurudi nyumbani akinuka sigara na peremende. Wazazi walimwita pembeni baada ya ibada: "Mchungaji, niongelee na huyu wangu, wewe anakusikia." Naye anaongea. Alikaa na mtoto wa kila mtu, juu ya jiwe, juu ya gogo, juu ya ukuta wa shule, saa nzima, saa mbili.

Nyumbani alikuwa na binti mmoja wa miaka kumi na nne. Huyo aliambiwa tu: "Umekula? Viatu vyako viondoe mlangoni."

Msicheke sana. Wake za wachungaji hawacheki, nimewaona.

Sasa, mnakikumbuka kipaimara cha zamani? Nyie wa simu hamkikumbuki, naongea na wenye mvi na wanaozipaka rangi. Gauni jeupe lilianza kwa dada mkubwa, likashushwa pindo kwa dada wa pili, na likifika kwako limeshajua njia ya madhabahuni lenyewe. Koti la suti lilikuwa la mjomba, mikono imekunjwa kwa ndani na kubanwa pini, na ukiinua mkono kumpungia shangazi pini inakukumbusha unyenyekevu. Viatu vimejazwa gazeti puani. Miguu imepakwa mafuta mpaka vumbi linaogopa kutua. Bendi ya tarumbeta ilipanda mlima kutoka usharika wa chini, tunaisikia tangu kwenye kona ya tatu, mbwa wote wa kijiji wanaitikia sauti ya nne. Na mpiga picha alikuwa mmoja, amekuja na filamu moja, anawaambia msipepese macho. Kila mtu humu ndani aliyepita miaka arobaini ana picha ya kipaimara amefumba macho.

Nimeitazama ya kwangu juzi. Nimefumba macho, lakini mama yangu nyuma yangu ameyafumbua kwa niaba ya ukoo mzima.

Lakini zaidi ya yote tunakumbuka hofu. Hofu ya maswali. Mkuu wa jimbo anakuja, anasimama mbele yenu na faili lake, na kanisa zima linakaa kimya kusikia kama mtoto wa fulani amefundishwa au amelishwa tu.

Mkuu wa jimbo wa huko milimani alikuwa mzee mpole mwenye jozi mbili za miwani: moja ya kusomea, na nyingine ya kuitafutia ile ya kusomea. Na alikuwa na mazoea. Aliuliza maswali kumi na nane, yaleyale kila mwaka, kwa mpangilio uleule, akianza na mtoto wa kwanza kushoto benchi la mbele, akienda mmoja mmoja mpaka wa mwisho kulia benchi la pili. Hakuruka mtu, hakurudi nyuma. Basi walimu wa kipaimara wa pale, tangu enzi za babu zao, walikuwa wamegundua jambo. Kwa nini umchoshe mtoto na maswali kumi na nane, wakati ataulizwa moja tu? Mkalishe kiti cha tatu, mfundishe swali la tatu, amekwisha.

Ilikuwa siri ya usharika mzima. Na siri ya usharika mzima maana yake ni kwamba mkuu wa jimbo peke yake ndiye aliyekuwa haijui.

Hata huyu mchungaji wa vijana alipata kipaimara chake hivyohivyo, kwenye mabenchi yaleyale, zaidi ya miaka ishirini nyuma. Alikuwa Namba Kumi na Moja. Mpaka leo ukimwamsha usingizini atakujibu la kumi na moja bila kukosea nukta.

Mwaka huo watoto walikuwa kumi na nane kamili, mabenchi mawili, tisa kwa tisa. Mchungaji aliwanoa miaka miwili, kila Jumamosi. Aliwaita kwa namba. "Tatu." Tatu anasimama, anamwaga jibu, anakaa. "Kumi na Nne." Kumi na Nne anamwaga, anakaa. Ilikuwa raha kutazama, kama mashine ya kusaga. Binti yake mwenyewe alikuwa Namba Tisa, mwisho kabisa wa benchi la mbele.

Sasa sikilizeni hapa. Mwaka uleule, wakati wa masika, bibi wa binti huyo alifariki. Mama mzazi wa mchungaji. Binti alikuwa amelala kitanda kimoja na bibi huyo tangu alipoacha kunyonya. Binti ndiye aliyekuwa anamsuka bibi, yeye ndiye aliyekuwa anamsomea barua. Asubuhi moja akaamka, bibi hakuamka.

Jumamosi mchana, siku moja kabla ya kipaimara, mchungaji yuko sebuleni anapiga pasi kanzu yake. Mkewe yuko nyuma na kina mama wanamenya vitunguu. Binti akaja akasimama karibu na meza.

"Baba, lile swali la nane."

"La nane ni la jirani yako, wewe ni la tisa. Lisome la tisa."

"La tisa nalijua hata nikiwa nimelala."

"Basi kalale, kesho ni siku ndefu."

Binti hakuondoka. Akaanza kukunjua ukosi wa kanzu ambao haukuwa umekunjika.

"Baba, bibi yuko wapi?"

Pasi ikasimama. Mnajua pasi ikisimama juu ya kanzu nyeupe kinachotokea, kwa hiyo mchungaji akaiinua upesi, akaitazama kanzu kwanza, halafu ndiyo akamtazama mtoto. Kwa mpangilio huo.

"Mwanangu, hilo si swali lako. Swali lako ni la tisa. Ukianza kubeba maswali ya wenzako utalisahau la kwako, kesho uniaibishe mbele ya mkuu wa jimbo."

"Lakini kesho nitasimama mbele ya watu niseme naamini. Na mimi sijui kama naamini."

"Utajua ukishapata kipaimara."

Akarudi kwenye pasi.

Tusimcheke. Kwani sisi tumejibu nini nyumbani kwetu? Mtoto anauliza, mbona niliomba na baba hakupona, tunamwambia kula, chakula kinapoa. Anauliza, Mungu ananisikia kweli, tunamwambia kamuulize mwalimu wa Jumapili. Mwalimu wa Jumapili naye ana miaka kumi na tisa, anasubiri mtu wa kumuuliza yeye. Tuendelee.

Jumapili ikafika. Ukungu umewahi kama kawaida. Bendi ya tarumbeta imejipanga ukutani, mkubwa wao amekwisha kumwaga mate ya tarumbeta mara tatu, yuko tayari. Watoto wameketi kwa namba, weupe kama sahani mpya. Mkuu wa jimbo anabadilisha miwani.

Hapo ndipo Namba Tano alipojisikia vibaya.

Namba Tano alikuwa na bibi mwenye mapenzi. Bibi huyo asubuhi alimpa maziwa ya mgando, akampa na chapati, akamwongezea maziwa kwa ajili ya siku njema. Tumbo la Namba Tano likaanza kutangaza habari zake lenyewe. Akashika tumbo, akainama, akatoka mbio kwa mlango wa pembeni, koti la mjomba linapepea nyuma.

Hata hilo lisingeharibu kitu. Pengo lingebaki wazi, mtoto angerudi, akakaa mahali pake. Lakini mlangoni alikuwepo mzee wa zamu. Mnawajua wazee wa zamu. Huyu alikuwa na karama moja kutoka mbinguni: hawezi kuona nafasi tupu kwenye benchi. Hata arusi, hata msiba, hata likiwa benchi la majeruhi, ataliendea. Akaja kwa vidole vya miguu mpaka mbele, akainama, akafanya kwa mkono hivi, kama mtu anayefukuza kuku.

"Sogeeni. Sogeeni, jazeni nafasi."

Na watoto waliofundishwa utii miaka miwili wakasogea. Sita akaenda alipokuwa Tano, Saba kwa Sita, Nane kwa Saba, Tisa kwa Nane. Mzee akamnyanyua Kumi kutoka benchi la pili akamkalisha mwisho wa benchi la mbele, na wa nyuma nao wakasogea. Akatazama kazi yake, akaona ni njema. Mchungaji kule pembeni ya madhabahu alikuwa ameinamisha kichwa kwa sala. Alipoinua, mabenchi yalikuwa yamejaa vizuri, na Namba Tano alikuwa anaingia kwa unyenyekevu mkubwa, akakaa nafasi pekee iliyobaki, mwisho wa benchi la pili.

Mkuu wa jimbo akaanza. La kwanza, safi. La pili, safi. La tatu, la nne, wazazi wanatabasamu, shangazi mmoja amekwisha kuanza kupangusa macho.

"Swali la tano. Baba na mama zetu, Mungu ametuagiza tuwafanyie nini?"

Akasimama Namba Sita, kifua mbele. "Tuzitubu, tuziache, na tusizirudie tena."

Kanisa likashtuka kidogo. Mkuu wa jimbo akatazama faili, akalisogeza mbali, akalirudisha karibu.

"Asante. Swali la sita. Je, dhambi zetu tuzifanyie nini?"

Namba Saba, kwa sauti kubwa kama alivyofundishwa: "Tunawaleta kanisani wangali wachanga, tukishangilia pamoja na jamaa na majirani."

Hapo kwaya ikaanza kutikisika mabega. Baba mmoja nyuma akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. Mkuu wa jimbo akavua miwani, akavaa ile nyingine, akaona vibaya zaidi, akarudisha ya kwanza.

"Swali la saba. Kwa nini tunabatiza watoto wadogo?"

Namba Nane, maskini, alikuwa ameona mambo hayaendi sawa, akasema kwa kuharakisha ili apite: "Kwa sababu siku ya mwisho makaburi yatafunguka, nao watatoka wakiwa hai."

Mama mmoja mwenye kichanga akamfunika vizuri. Kanisa likavunjika. Watu walicheka mpaka wakashikana. Mkubwa wa bendi alidhani ndiyo ishara yake, akapuliza nusu mstari wa wimbo, akanyamazishwa kwa kitambaa. Mchungaji alikuwa amekaa, uso umekuwa kama jivu, kwa sababu sasa alikuwa ameelewa. Alihesabu viti. Akaona ni nani anayefuata.

"Swali la nane," akasema mkuu wa jimbo, na sauti yake ilikuwa imeanza kuchoka. "Unaamini nini juu ya ufufuo wa wafu?"

Binti akasimama.

Fikirini nafasi aliyokuwa nayo. Jibu la nane jirani yake amelitamka sekunde chache zilizopita, bado linaning'inia hewani, alichukue tu. Au aseme lake la tisa, watu wacheke, yapite. Baba yake kule pembeni anamfanyia mdomo, anaufumbua na kuufumba kama samaki, ma-ka-bu-ri. Mkuu wa jimbo anangoja.

"Mkuu wa jimbo," akasema binti, "jibu ninalo, mwenzangu amelisema sasa hivi. Lakini wewe umeniuliza ninaamini nini. Hilo sijui. Jana nilimuuliza baba, akaniambia si swali langu."

Wachache walianza kucheka kwa mazoea, wakajikuta wako peke yao, wakaacha.

Mkuu wa jimbo alimtazama binti muda mrefu. Halafu alifanya kitu ambacho miaka yote hajawahi kufanya. Alifunga faili.

"Baba yako yuko hapa?"

Binti hakunyoosha kidole. Hakukuwa na haja. Kanisa zima lilikuwa limekwisha kugeuza shingo.

"Mwenzangu," mkuu wa jimbo akamwambia mchungaji wa vijana kwa upole, "shuka basi. Mtoto ana swali. Sisi tutasubiri, pilau haikimbii."

Mchungaji akashuka. Ngazi tatu tu, lakini alizishuka kama mtu anayeshuka mlima mzima. Akasimama mbele ya binti yake. Akajikohoza. Akafungua kinywa, na sauti ikatoka ya Jumamosi, ile ya kufundishia: "Siku ya mwisho makaburi yatafunguka, nao watatoka..."

"Hilo ni la nane, baba," akasema binti polepole. "Mimi nauliza kuhusu bibi."

Wapendwa, nimewahi kusimama jukwaani nikasahau maneno. Ujana wangu nilikuwa naigiza vichekesho, wengine mnajua. Ukisahau maneno, unaanguka makusudi, watu wanacheka, unapata muda. Mchungaji yule alijua kuchekesha. Alitafuta mzaha kwenye mifuko yake yote, hakuukuta. Ndipo akaanza kukumbuka.

Alikumbuka uwanja wa nyuma wa nyumba ya zamani, ile ya udongo kabla haijabomolewa. Jua la saa nne asubuhi. Mama yake amekaa kwenye kigoda, miguu ameinyoosha, ungo mapajani, anachambua maharage. Ungo ule mama aliusuka mwenyewe, ukingo mmoja umeungua kwa sababu siku moja aliuacha karibu na jiko. Maharage yanazunguka, yanatoa sauti kama mvua inayoanza. Yeye ana miaka tisa. Wiki mbili tangu wamzike baba yake. Na anauliza, kwa sababu watu wazima wote wamekuja na wameondoka na hakuna aliyemwambia: "Mama, baba atarudi?"

Mama yule hakujua kusoma. Hakuwahi kukaa kwenye benchi lolote kwa namba yoyote. Lakini ungo ulisimama. Hakumwambia subiri, hakumwambia kamuulize mwinjilisti. Aliuweka ungo chini, akapangusa mikono kwenye kanga, akamvuta akamkalisha karibu yake.

Mchungaji akamwambia binti yake, mbele ya kanisa zima, kwa sauti ambayo haikuwa ya kufundishia:

"Niliwahi kumuuliza bibi yako hivyohivyo, babu yako alipofariki. Akaniambia, 'Mwanangu, namna atakavyorudi sijui, sijaonyeshwa. Ila aliyemchukua namjua. Kila asubuhi kabla sijawasha moto naongea naye, na hajanidanganya hata siku moja.' Halafu akauchukua tena ungo, akaniambia nimsaidie, mchanga unavunja meno." Akamshika bega. "Hilo ndilo ninalolijua, Nakiete. Sina jingine."

Nakiete. Kwa miaka miwili kanisani hakumwita hivyo. Alimwita Tisa. Na Nakiete lilikuwa jina la bibi.

Mngedhani yameisha. Kina mama wamekwisha kuvuta kanga machoni. Mkubwa wa bendi ameinua tarumbeta taratibu, safari hii kwa ruhusa. Lakini mtoto ukimfungulia mlango anaingia ndani. Hasimami kizingitini.

"Na wewe, baba," akauliza, "huwa unaongea naye kila asubuhi?"

Jamani.

Mchungaji alitazama watu. Alitazama vijana wote aliokaa nao juu ya mawe na magogo. Angesema ndiyo, nani angempinga? Kanzu anayo.

"Zamani," akasema. "Tangu bibi yako atutoke, hapana. Nimekuwa nafundisha tu."



Binti akamtazama baba yake. Halafu akakaa. Alipokaa akasogea, akambana Nane upande wa kushoto, akapiga ubao kwa kiganja mara mbili, pale palipobaki wazi pembeni yake.

"Kaa basi, baba."

Akakaa. Mwili wake mnaujua. Alipokaa, Namba Kumi kule mwisho alirushwa kutoka benchini kama punje kwenye ungo, akarudi mwenyewe benchi la pili. Mzee wa zamu, aliyekuwa ameanza kuja na mkono wake wa kufukuzia kuku, akatazama benchi limejaa, akarudi mlangoni ameridhika.

Mkuu wa jimbo akafungua faili. "Tunaendelea. Swali la tisa."

Mkumbuke, yeye hana habari ya namba. Anafuata benchi. Na aliyekaa kiti cha tisa sasa, magoti yamefika kifuani, ni mchungaji wa vijana.

"Swali la tisa. Ni nani aliyepewa kazi ya kwanza kumfundisha mtoto imani, na aifanyie wapi?"

Mchungaji alisimama. Swali hili alilifundisha yeye, alilisahihisha, alilipigia kelele Jumamosi zaidi ya mia moja. Akafungua kinywa, hakikutoka kitu. 

Na binti, akitazama mbele kama hahusiki, akamnong'oneza kwa pembe ya mdomo, kwa sauti ambayo kanisa lote lilisikia:

"Wazazi, baba. Nyumbani."

Hapo mfano unaishia. Sasa tuongee sisi.

Tumewalea watoto wetu kwa viti. Wewe ni wa kwaya, jua nyimbo. Wewe ni mtoto wa mzee wa kanisa, jua kukaa. Tumewapa kila mmoja jibu linalotosha kiti alichokalia, tukapumua, tukaenda kupika pilau. Na kwa miaka mingi ilitosha, kwa sababu benchi lilikuwa halisogei. Mtoto alizaliwa hapa, akaoa hapa, akazikwa hapa. Benchi la siku hizi, wapendwa, halitulii hata dakika. Mtoto wako mwezi ujao atakuwa bweni la chuo, mji ambao hujawahi kuuona, na mwenzake wa chumba atamuuliza swali la kumi na tatu. Atakuwa kwenye korido ya hospitali, ataulizwa la nane. Atapata kazi, ataambiwa saini hapa, kila mtu anasaini, na hilo halikuwemo hata kwenye orodha yetu. Atasimama kifua mbele, atamwaga jibu la kiti chake cha zamani, watu watacheka. Atarudi nyumbani au hatarudi. Kisha tutakaa kikao kujadili vijana wa siku hizi.

Vijana, sijawasahau, mnaofikiri leo mnasemewa wazazi tu. Ukiwa na swali, usilifiche ili upate suti. Yule binti angeweza kulichukua jibu la jirani, akapata kipaimara safi, na baba yake angebaki golini mpaka anakufa, amejaza goli na moyo mtupu.

Na sisi wazazi, mimi nikiwa wa kwanza, wapi ungo wetu? Lini mara ya mwisho ulisimamisha ulichokuwa unafanya, pasi, simu, kikao cha kamati, ukapangusa mikono, ukamvuta mtoto karibu, ukamwambia sijui hili, ila huyu namjua? Kama humjui, basi mwambie hivyo pia. Mwambie, mwanangu, zamani niliongea naye, sasa nimenyamaza. Utaona atakavyosogea kukupa nafasi.

Mbele hapa wamekaa watoto ishirini na wawili. Nimewafundisha mimi na wenzangu, na orodha ya maswali iko mfukoni mwangu. Itabaki humo. Baada ya wimbo, mkuu wetu wa jimbo, ambaye nimemwomba radhi asubuhi hii, hatawauliza wao. Watageuka na benchi zao waelekee kwenu. Kila mtoto atamuuliza mzazi wake swali moja, lile alilowahi kuambiwa si lake. Jibuni mnalolijua. Msilolijua, semeni hamlijui. Naona baba mmoja anatafuta mlango. Mzee wa zamu, uko hapo? Vizuri.

Msiniulize nimejuaje alichosema mama yule akichambua maharage, maana hakuna aliyeandika. Ungo wenyewe umetundikwa jikoni kwangu, ukingo mmoja umeungua. Kila asubuhi kabla ya chai nasimama mbele yake, naongea. Na huyo anayenikonyeza kule kwenye sauti ya pili ya kwaya, aliyekwisha kuwa mama wa watu, huwa anapiga simu saa moja kamili kuhakikisha nimeongea.

Tusimame tuimbe. Na mkisimama, sogeeni.